Mama hatupi kitu, na kaka amekwisha kuita lori

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 68. Ni mwalimu mstaafu na anaishi peke yake Buruburu, Nairobi, katika nyumba tuliyokulia. Tangu Baba afariki mwaka 2016, nyumba imekuwa ikijaa tu. Sebuleni kuna magunia ya mitumba ya soko la Gikomba ambayo hajawahi kuyafungua, magazeti ya miaka na mikaka, mikebe ya mafuta ya kupikia ya Kimbo, vitabu vya mazoezi vya wanafunzi ambao sasa wana watoto wao, na mifuko ya plastiki aliyoiweka kabla serikali haijaipiga marufuku. Kitanda chake hakionekani. Analala kwenye kochi. Mlango wa nyuma haufunguki. Gesi ikimwishia anawasha jiko la makaa mumo humo jikoni. Mwanangu wa miaka 6 ana pumu, na nimeacha kumpeleka kwa nyanyake. Tukimwambia Mama atupe, anajibu kwamba akiba haiozi. Tukisisitiza, analia, au hatuongeleshi wiki nzima. Mwezi ujao anaenda Murang'a wiki mbili kumuuguza dadake, na kaka yangu amekwisha kuelewana na mwenye lori ili kila kitu kitoke kabla hajarudi. Mtu mmoja kanisani amesema ni pepo. Mimi naona aibu, nina hasira, na kila usiku naogopa nyumba itashika moto akiwa ndani. Je, huu ni ugonjwa? Na tutumie nafasi hii kusafisha?

Dada yangu, nianze na lori, maana lori lina tarehe na mengine yanaweza kungoja kidogo. Mwombe kaka yako aliahirishe. Simlaumu hata chembe. Mtu akimwona mamake amelala kwenye kochi kwa kukosa kitanda, hutaka jambo hilo liishe kwa siku moja. Lakini nyumba ya mlimbikizaji, yaani mtu anayekusanya vitu asiweze kuachana navyo, ikisafishwa mwenyewe akiwa hayupo, vitu huondoka na kilichovileta hubaki, tena hubaki na kidonda kipya juu yake.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kulikosea. Nilipokuwa mshauri mchanga niliunga mkono familia moja ya Eastlands iliyofanya vivyo hivyo. Mzee alirudi kutoka mashambani akakuta sakafu inang'aa. Hakumshukuru mtu. Alikaa kwenye kiti kimoja mchana kutwa akiuliza kilikokwenda kisanduku chake cha misumari. Baada ya miezi minane nyumba ilikuwa imejaa upya, na safari hii alikuwa amebadilisha kufuli. Wanawe walipobisha, hakufungua. Tulikuwa tumemwokoa na magunia, tukampotezea watu aliowaamini, na hao ndio waliokuwa njia ya pekee ya kumfikia.

Hofu yako ya moto nayo si ya bure, na sitakwambia umwache Mama tu kwa kuwa ni mzee. Kikosi cha zimamoto cha Melbourne, Australia, kilipitia mioto ya majumbani ya miaka 10, kuanzia 1999 hadi 2009. Iliyotokea katika nyumba za walimbikizaji ilikuwa michache mno, karibu mmoja katika kila 400. Hata hivyo karibu robo ya vifo vya moto wa majumbani vilivyoweza kuzuilika vilitokea humo. Moto ukianza katika nyumba kama hizo hupata kuni nyingi, aliye ndani hukosa njia, na wazimamoto hushindwa kuingia. Kwa hiyo una kazi mbili, na kila moja ina mwendo wake. Kumlinda Mama ni kazi ya wiki hii. Kumsaidia aachane na vitu ni kazi ya miezi, labda miaka, na ukichanganya mwendo wa hizo mbili utaziharibu zote.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Siwezi kumpima mtu kwa barua, ila uliyoyaeleza yanaelekea huko. Zamani madaktari waliuhesabu ulimbikizaji kama tawi la ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudiarudia. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliutambua kama ugonjwa unaojitegemea, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022. Tafiti zilizofanywa Ulaya na Marekani zinakadiria kwamba huwapata watu wazima kati ya 2 na 6 katika kila 100, na huonekana zaidi kwa waliovuka miaka 55. Kwa hiyo mama yako si kioja, na katika mtaa wenu huenda kuna pazia jingine lisilofunguliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Wingi wa vitu peke yake haumfanyi mtu kuwa mgonjwa. Familia ya watu sita katika chumba kimoja mtaani Pipeline itakuwa na vitu hadi darini, na hapo shida ni kodi. Mfanyabiashara mwenye marobota matano sebuleni ana ghala. Anayejaza mitungi ya maji kila pembe katika jiji ambalo maji huja kwa zamu ana busara. Daktari huangalia mambo mengine: je, kuachana na kitu, hata kisicho na thamani, kunamtia mtu uchungu usio wa kawaida? Je, vyumba vimeacha kufanya kazi yake? Je, maisha na usalama vimeathirika? Kitanda kisicholalika, mlango usiofunguka na mjukuu asiyeweza kuja vimenieleza mengi kuliko idadi ya magunia.

Sasa nikutoe katika mawazo matatu ninayoyasikia kila mara, kwa kuwa kila moja humpa Mama kosa asilolitenda. La kwanza ni uvivu. Mchunguze siku moja utaona kwamba anafanya kazi sana. Anachukua gazeti kwenye rundo hili, analisoma, analiwaza, analiweka kwenye rundo lile, kisha anachukua jingine, na jioni amechoka hoi ilhali hakuna kilichotoka. La pili ni uchoyo. Muulize gunia la mitumba ni la nini, naye atakutajia majina: sweta hili la mtoto wa jirani, koti lile la binamu yenu siku akipata kazi. Walimbikizaji wengi huweka kwa ajili ya wengine, na vitu hivyo haviwafikii hao wengine. La tatu ni pepo. Sitashindana na imani yenu, na Mama akitaka kuombewa aombewe. Ombi langu ni kwamba jambo hili lisitangazwe kanisani, kwa sababu mlimbikizaji akishaona aibu hufunga mlango, na nyuma ya mlango uliofungwa jiko la makaa linaendelea kuwaka.

Wengine husema ni umaskini wa zamani, kwamba aliyekulia katika uhaba hatupi kitu. Huenda umaskini ukamfunza mtu kubana matumizi. Lakini watafiti walipolichunguza jambo hili, hawakuona kwamba kukosa mali utotoni ndiko kunakozaa ulimbikizaji. Walichokikuta mara kwa mara katika maisha ya wagonjwa ni misiba, hasara na mishtuko, pamoja na damu: tabia hii hutembea katika koo.

Kinachotokea ndani ya kichwa ndicho kitakachokusaidia kubadilisha namna unavyozungumza naye, kwa hiyo nivumilie hapa. Mwaka 2012 David Tolin na wenzake huko Connecticut, Marekani, waliwaweka watu katika mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha karatasi moja baada ya nyingine. Nyingine zilikuwa za mtu mwenyewe, zile barua zisizo na maana alizokuja nazo kutoka nyumbani, na nyingine za maabara. Kwa kila karatasi alitakiwa kuamua ibaki au ikatwe vipande. Ilipokuwa karatasi ya maabara, sehemu za ubongo zinazopima uzito wa jambo zilikuwa zimepoa kwa walimbikizaji kuliko kwa wengine. Ilipokuwa karatasi yao wenyewe, sehemu zile zile ziliwaka kupita kiasi. Yaani ubongo ulikuwa ukipiga kengele ya hatari kwa sababu ya bahasha tupu.

Rudi sasa na hilo sebuleni Buruburu. Unaposhika mkebe wa Kimbo na kusema, "Mama, huu nao wa nini?", wewe unaona mkebe. Yeye anasikia kengele. Uamuzi unaokuchukua nukta moja unamgharimu yeye dakika nzima ya wasiwasi: je, nikiuhitaji? Je, nikikosea? Akisema "uache kwanza", kengele inanyamaza papo hapo. Utulivu huo ni zawadi, na ubongo hujifunza haraka sana kutokana na zawadi. Kesho ataahirisha tena, hata kabla hajawaza. Kwa hiyo rundo lile usilione kama akiba. Ni maamuzi elfu kadhaa yaliyoahirishwa, yamelaliana.

Kuna jambo jingine. Wengi wao hawaamini kumbukumbu zao, huona kwamba kitu kikiingia kabatini kimepotea. Ndiyo maana kila kitu kiko juu, mbele ya macho, na cheti cha shule kiko chini ya mabaki ya kitambaa. Kwa walimu naona na jambo la tatu: vile vitabu vya mazoezi ni ushahidi kwamba alifanya kazi na kazi ikaonekana. Usiviguse mwanzoni.

Na Baba? Mara nyingi ulimbikizaji huanza kidogo kidogo ujanani, hata kati ya miaka 11 na 15, ukakua taratibu bila mtu kuugundua. Jiulize kama Mama alikuwa na kabati lisilofunguliwa mbele ya wageni, au kama Baba alikuwa akibeba magazeti Jumamosi asubuhi kuyapeleka kwa muuza nyama. Mwenzi huwa breki. Mwenzi akifa, breki inaondoka na huzuni inaingia kwa pamoja.

Lakini ukikumbuka vizuri ukaona kwamba hakuwahi kuwa hivyo kabisa, na jambo hili limeanza uzeeni ghafla, badilisha njia uanzie kwa daktari. Angalia kama anasahau sufuria motoni, anapotea njia aliyoizoea, anarudia swali lile lile, anahifadhi chakula kilichooza au takataka tupu bila kujali, au tabia yake imegeuka mkawa hamumtambui. Kuna magonjwa ya usahaulifu yanayokuja na kukusanya vitu, na tiba yake si hii ninayoieleza hapa.

Njia ya lori nimekwisha kuisemea. Kuna njia ya pili, kungoja hadi Mama mwenyewe aseme yuko tayari. Ina heshima, lakini wengi hawasemi kamwe, na jiko la makaa halingoji. Ninayokushauri mimi ni ya katikati: mkubaliane naye juu ya usalama peke yake kwanza, bila kutaja kutupa.

Keti naye mezani, au popote penye nafasi ya watu wawili, umwambie linalokusumbua kwa jina. "Mama, siji kukutupia vitu. Nalala nikiota moto. Naomba mlango wa nyuma ufunguke." Halafu nyamaza. Mama anayekataa kutupa gazeti mara nyingi hukubali kulihamisha. Vitu vilivyoziba mlango wa nyuma vihamie chumba kingine, vikiwa salama na mbele ya macho yake. Kisha mfungue njia kutoka kochini hadi milango yote miwili, pana kiasi cha mtu kupita na ndoo mkononi bila kugusa kando. Nyumba zetu nyingi zina madirisha ya vyuma, kwa hiyo mlango ndio tundu la pekee la kutokea. Usiku ukifungwa kwa kufuli ndani, ufunguo uning'inie karibu nao, mahali pamoja daima, na Mama ajaribu kuufikia taa zikiwa zimezimwa.

Jikoni, kusiwe na karatasi, nguo wala plastiki umbali wa mita 1 kutoka kwenye meko na mtungi wa gesi. Kuhusu makaa sina maelewano: jiko la makaa halikai ndani ya nyumba iliyoziba. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na aliyelala huenda asiamke. Ni nafuu ninyi watoto mchange mtungi wa pili wa gesi, ule mdogo wa kilo 6, ili mmoja ukiisha mwingine uwepo. Huo ndio mchango ambao kaka yako angeutoa badala ya pesa za lori. Chomoeni nyaya za stima zinazopita chini ya magazeti. Kengele ya moshi inayotumia betri haina gharama kubwa, na Mama huikubali kwa wepesi kwa kuwa inaongeza kitu badala ya kuondoa. Marundo yaliyopita kimo cha bega yashushwe. Mtu wa miaka 68 akiangukiwa na gunia anaweza kuvunjika nyonga.

Hamkosi panya humo, kwa hiyo msiingie mikono mitupu. Fungueni milango na madirisha nusu saa, mvae barakoa, glavu na viatu vilivyofunika mguu. Kinyesi cha panya msikifagie kikavu, maana vumbi lake ndilo linalopanda puani. Kinyunyizieni Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo na kuua viini, iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 9, kikae dakika 5 hadi 10, kisha mkipanguse kwa karatasi. Msiichanganye Jik na dawa nyingine ya kusafisha choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu. Mkojo wa panya huleta homa ambayo wenzetu wa Tanzania waliiita homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022, kwa hiyo yeyote akipata homa na maumivu makali ya misuli baada ya kazi hii, amwambie daktari alikokuwa. Sumu ya panya isiyo na jina wala maelezo, ile inayouzwa barabarani, msiinunue. Na mwanao asije hadi vumbi lishughulikiwe; panya, mende na ukungu ni maadui wa pumu. Mweleze Mama hivyo bila kumtisha wala kumfanya mtoto kuwa fimbo ya kumchapia.

Mkifika hapo, pumzikeni. Hilo peke yake ni ushindi, na familia nyingi huharibu kazi kwa kuunganisha siku ile ile na kutupa.

Kutupa kuna kanuni moja ambayo singependa mtu yeyote aivunje: mkono wa Mama ndio unaoamua. Hakuna anayegusa kitu bila yeye kusema ndiyo, na hakuna anayeficha mfuko mmoja nyuma ya gari kwa nia njema. Akigundua mmoja, ataamini iliondoka kumi. Chagueni sehemu ndogo anayoitaka yeye, kama meza ya kulia chakula, na aina moja ya vitu isiyo na uchungu. Mashati ya Baba yawe ya mwisho kabisa. Magazeti au ile mifuko ya plastiki ya kabla ya Agosti 2017 ni mwanzo mzuri. Fanyeni dakika 20 kwa saa ya simu, kisha chai. Wewe uliza tu: "Una mingapi ya namna hii? Ukiukosa, ungefanyaje?" Subiri ajijibu. Wakati mwingine atasema kiache, nawe ukiache bila kuvuta pumzi kwa nguvu. Kinachofunzwa hapo ni kuamua, na kubaki na wasiwasi hadi ushuke wenyewe, maana hushuka. Baada ya nusu saa muulize uchungu ule umefika wapi. Wengi hushangaa.

Kilichoamuliwa kutoka kitoke siku hiyo hiyo kabla ya giza, kwa sababu kikilala hurudi. Nguo nzuri ziende kwa makao ya watoto, chupa na mikebe kwa wanunuzi wa vyuma na plastiki wanaopita mtaani, redio na simu mbovu kwa WEEE Centre kule Utawala wanakoshughulikia taka za umeme, na dawa zilizoharibika zirudishwe kwa mfamasia. Ila jihadhari na mtego mmoja: "hili nitampelekea fulani" ni njia nyingine ya kuahirisha. Kama huyo fulani hajaja kwa wiki mbili, kitu kiende kwa mwingine.

Pekueni mifuko, bahasha na katikati ya kurasa. Hati za shamba, karatasi za pensheni na pesa hujificha humo. Mkikuta noti za zamani za shilingi 1,000, zile zilizokoma kutumika mwisho wa Septemba 2019, mpeni Mama mwenyewe na msimwonyeshe kama mfano wa ujinga wake. Anaweza kulia. Mwacheni alie.

Yote haya yatakuwa bure kama Gikomba inaendelea kuingia kwa mlango wa mbele. Hapigi deki mtu huku bomba linamwaga. Tiba ina zoezi zuri kwa hili: nenda naye sokoni asubuhi marobota yanapofunguliwa, mtembee, mshike nguo, mzungumze na wauzaji aliowazoea, kisha mrudi bila kununua kitu. Mara ya kwanza atahisi kama ameacha mtoto njiani. Mwambie akupe alama kutoka 0 hadi 10 mkiwa sokoni, mkiwa kwenye matatu, na mkiwa nyumbani. Fahamu kwamba soko lile pia ni watu wanaomwita "Mwalimu". Ukimwondolea ununuzi, usimwondolee maamkizi. Mtafutie mahali pengine pa kuitwa hivyo, iwe chama, kwaya au kusomesha watoto wa jirani.

Tiba iliyojaribiwa zaidi ni ya mazungumzo, ile inayofanyia kazi fikra na tabia, na huendeshwa kwa vikao karibu 26 katika muda wa miezi tisa hadi mwaka, vingine vikifanyiwa nyumbani kwa mgonjwa. Wengi hupata nafuu ya kweli. Wanaobaki na nyumba iliyo kama ya jirani ni wachache, na hili ni heri ulijue sasa kuliko kukata tamaa mwezi wa nne. Dawa ya ugonjwa huu wenyewe haijapatikana, ila karibu nusu ya walimbikizaji hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na sonona ina dawa na husikia tiba. Mama aliyefiwa, anayelia, asiyelala kitandani anastahili kupimwa hilo hata kama hatupi gazeti moja.

Mnaweza kuanzia hospitali ya umma iliyo karibu, kama Mama Lucy Kibaki, mkaomba rufaa ya kuonana na daktari wa akili katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Watu husikia Mathari wakawaza kufungiwa, ilhali wengi huingia kliniki asubuhi na kurudi nyumbani mchana. Mkienda kwa mshauri wa kibinafsi, ulizeni kama amesajiliwa, kama amewahi kushughulikia ulimbikizaji, na kama anakubali kuja nyumbani. Asiyetaka kuiona nyumba atasaidia nusu. Mama akikataa kwenda kwa ajili ya vitu, huenda akakubali kwenda kwa ajili ya usingizi au mgongo unaomuuma kwa kulala kochini. Huo si udanganyifu. Mgongo unauma kweli.

Yako mambo ambayo hayangoji vikao. Harufu ya gesi, moto, au mtu aliyebanwa na vitu ni simu ya 999 au 112. Akianza kuchanganyikiwa ghafla, kuanguka mara kwa mara, kula chakula kilichooza, kushindwa kufikia choo au maji, au kusema kwamba amechoka kuishi, mpelekeni hospitali siku hiyo, hata kama mlikuwa mmeahidiana kwenda polepole.

Na wewe umeandika kwamba unaona aibu na una hasira. Watoto wa walimbikizaji hukua wakiwadanganya marafiki kwa nini hawawezi kuwakaribisha, na wakishakuwa wakubwa hubeba swali la kwa nini mzazi alichagua magunia badala ya mjukuu. Hakuchagua. Lakini wewe uliumia vilevile, na kikao kimoja au viwili vyako mwenyewe na mshauri vitakusaidia usiyamwage hayo mbele ya mkebe wa Kimbo.

Mama bado hajaondoka kwenda Murang'a. Kaka yako alikuwa ametenga siku ya lori. Badala yake aje mapema, siku mnayoweza kumkuta Mama nyumbani, aje na mtungi wa gesi mabegani, aulize auweke wapi, na asiguse kingine. Akishaketi, amwombe Mama amsimulie kitabu kimoja cha mazoezi: kilikuwa cha nani, na huyo mtoto siku hizi yuko wapi.